Vifaa vya mtoto: kipi kinunuliwe, kipi kiazimwe, kipi kiachwe dukani

Orodha za vitu vya mtoto zinazozunguka kwenye simu za wajawazito hapa Kampala zimenakiliwa, nyingi kati yake, kutoka nchi ambako kila nyumba ina umeme usiokatika, maji ya moto ya bomba, gari la familia na njia ya miguu iliyosakafiwa. Ndiyo maana utakuta mashine ya kupashia chupa imetangulia chandarua, na kigari cha kusukuma kimetangulia beseni. Mama wa Kasese au wa Busia akiifuata orodha hiyo neno kwa neno, akiba itakwisha kabla mtoto hajakaza shingo, na kitu atakachokuwa anakitumia kila siku kitakuwa leso mbili alizopewa na mama mkwe.

Ushauri tunaopeana nao ni wa mkato: nunua kitu imara, kitadumu. Tabu ni kwamba vifaa vya mtoto havifi kifo kimoja. Vingine hufa kwa sababu mtoto amevizidi. Kikapu cha kulalia humfaa miezi minne au mitano, kisha anaanza kujigeuza na kikapu kinakuwa hatari hata kama bado kinang'aa. Vingine hufa kwa kazi: kufuliwa, kuanikwa, kuburutwa, kukunjwa na kukunjuliwa. Na vipo vinavyokufa kwa ndani huku nje vikionekana vipya, mfano kiti cha gari kilichowahi kupata ajali, chandarua kilichoishiwa dawa, godoro lililopoteza ugumu wake. Vile vya kwanza azima kwa dada au jirani. Vya pili ndivyo vya kuwekea pesa. Vya tatu vinataka maarifa kuliko pesa, na ndivyo vinavyowadanganya hata watu makini, kwa hiyo nitakaa navyo zaidi.

Katika vile vinavyokufa kwa kazi, mbeleko inaongoza. Hakuna kifaa cha mtoto kilichojaribiwa katika nchi hii kwa muda mrefu kama kitambaa cha kumbebea. Kinapanda taksi, kinapita kwenye vichochoro ambamo gurudumu halipiti, kinageuka shuka kwenye benchi la kituo cha afya, kinageuka pazia la kunyonyeshea, na kikichafuka kinahitaji nusu beseni ya maji. Cha kuangalia ni aina ya uzi. Leso au kitenge cha pamba tupu hung'ang'ania mwilini. Vile vya poliyesta vinavyong'aa huteleza fundo likishalowa jasho. Jaribu palepale dukani: funga fundo, livute kwa nguvu zako zote, angalia kama limesogea. Muuzaji akinuna, hamia duka la pili, mtaa wa maduka wa Kikuubo wote ni vitenge.

Vibebeo vya kushonwa, vyenye mikanda ya mabegani na vifungo vya plastiki, vina nafasi yao, hasa kwa baba asiyejua kufunga leso na kwa anayetembea mwendo mrefu. Hapo tazama kwanza mahali mikanda inaposhonewa kwenye kitambaa. Panatakiwa pawe na mshono wa mraba wenye msalaba ndani yake, kwani mstari mmoja wa uzi ndio unaoachia. Kisha vifungo: plastiki iliyokaa juani muda mrefu hupauka na kuwa kavu, na kifungo kilichopauka hupasuka bila kutoa taarifa. Mwisho ni upana wa kikalio. Kitambaa kinapaswa kumshika mtoto kutoka nyuma ya goti moja hadi nyuma ya goti la pili, magoti yakiwa juu kidogo kuliko makalio na miguu imetanuka kama ya chura. Kibebeo chembamba kinachomning'iniza mtoto kwa kinena huku miguu ikilegea chini hakimpi nyonga mkao mzuri. Mkao huo wa miguu kutanuka ndio wanaoupendelea madaktari wa mifupa, na ndio ule ule wa mgongoni kwa mama. Mwaka 2015 watafiti waliofanya kazi Malawi walieleza kwamba kasoro ya nyonga isiyokaa vizuri kwenye tundu lake ni nadra sana kwa watoto wa kule, na wakaihusisha na desturi ya kubeba mgongoni. Bibi zetu hawakuhitaji kuambiwa.

Kwa mtoto mchanga hatari iko kwenye pumzi. Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu mbeleko zinazomkunja mtoto ubavuni, ikataja hasa walio chini ya miezi minne. Shingo yao haina nguvu. Kidevu kikiangukia kifua, njia ya hewa inabanwa na mtoto hana uwezo wa kujinyanyua wala kulia. Kwa hiyo mchanga abebwe mbele, wima, amebanwa vizuri kifuani, uso unaonekana wakati wote, na kati ya kidevu na kifua pawe na nafasi ya vidole viwili. Mgongoni aende shingo ikishakaza. Najua wapo akina mama wanaombeba mgongoni tangu wiki ya kwanza na mikono yao ina ujuzi. Lakini mgongoni humwoni usoni, na hilo halirekebishwi na ujuzi wowote.

Kigari cha kusukuma nacho ni kifaa chema kwenye njia yake, na njia hiyo katika miji yetu ni fupi. Kama unaishi mtaa wenye barabara ndogo za lami, au una mapacha, au mgongo wako umeumia baada ya kujifungua, kitakulipa. Kama kutoka kwako hadi barabarani ni marumu, mfereji ulio wazi na ngazi tatu za udongo, utakuwa umenunua kabati ya kuwekea nguo zilizofuliwa. Anayekihitaji kweli aanze na magurudumu. Yale madogo ya plastiki, mawili mawili kila mguu, yametengenezwa kwa sakafu ya kiwanja cha ndege, na kokoto moja ya Gulu hukwama katikati yake. Magurudumu makubwa ya kujazwa upepo hupita, na yana faida ambayo muuzaji hataitaja: mengi ya inchi 12 hutumia tyubu za ukubwa ule ule wa baiskeli ndogo za watoto, kwa hiyo fundi baiskeli wa Soroti au Jinja atakuzibia pancha kwa dakika chache.

Fremu pia ina siri. Alumini ni nyepesi, haishiki kutu, na matangazo huisifu. Lakini ikivunjika, fundi wa kuchomelea wa kando ya barabara hawezi kuiunga kwa mashine yake ya kawaida. Anachokiunga ni chuma. Kigari cha chuma ni kizito na kinataka kufutwa maji, hasa kwa wanaokaa karibu na ziwa, ila kikivunjika mguu unakipeleka kwa mafundi chuma wa Katwe asubuhi na jioni kinatembea. Mimi ningechukua chuma kwa nyumbani na alumini kwa anayesafiri kwa ndege mara kwa mara. Huyo wa ndege atafute kinachokunjwa kwa mkono mmoja, kwa sababu mkono wa pili utakuwa umemshika mtoto, tena Entebbe kwenye foleni ya ukaguzi hakuna atakayekushikia.

Sasa kiti cha gari, mahali ambapo neno imara linapotosha kuliko popote. Kazi ya kiti hiki hufanyika mara moja tu, katika sehemu ndogo ya sekunde, na kikishaifanya kimekwisha. Plastiki na povu lake vimeumbwa vimeze nguvu ya kishindo badala ya mtoto. Baada ya ajali vinaweza kuwa na nyufa zisizoonekana chini ya kitambaa kilichofuliwa kikanukia. Mahesabu yake ni haya. Gari likisimama ghafla kutoka mwendo wa kilomita 50 kwa saa ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 7 huvuta kama mzigo wa karibu kilo 100. Hakuna mikono ya mzazi inayoubakiza mzigo huo pajani. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba viti vya watoto hupunguza vifo vya walio wachanga ajalini kwa asilimia 71.

Viti vingi vinavyofika kwetu kutoka Ulaya, vipya na vya mtumba, vina lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara. Namba iliyo kando ya hiyo E ni ya nchi iliyoidhinisha: 1 ni Ujerumani, 4 ni Uholanzi, 11 ni Uingereza. Chini yake pana namba ndefu ya idhini. Kama lebo inataja kanuni ya 44 ya Umoja wa Mataifa ya viti vya watoto, namba hiyo ianze na 03 au 04. Ikianza na 01 au 02 kiti ni cha kizamani mno, kiache. Kanuni mpya zaidi ni ya 129, iliyoanza kutumika mwaka 2013. Hii hupima mtoto kwa urefu wa sentimita badala ya kilo, hupima pia kishindo cha ubavuni, na inamtaka mtoto aangalie nyuma ya gari mpaka apite miezi 15.

Kuangalia nyuma ndilo jambo ambalo wazazi wengi hulikataa. Mtoto hanioni, wanasema, miguu yake imekunjamana. Miguu haina shida. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote, kinakaa juu ya shingo ambayo mifupa yake bado ni laini, na gari likigonga kwa mbele kichwa hurushwa mbele. Akiwa ameangalia nyuma, kiti chote kinapokea mgongo, shingo na kichwa kwa pamoja. Akiwa ameangalia mbele, shingo peke yake ndiyo inayozuia kichwa. Ila kiti kinachoangalia nyuma kisifungwe kabisa mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwani mfuko ukifumuka utakipiga kiti chenyewe. Kiti cha nyuma ya gari ndicho mahali pake.

Umri wa kiti husomwa kwenye plastiki. Kigeuze, utaona alama ya duara yenye mshale, mwaka katikati na namba za miezi kuzunguka. Huo ndio mwezi kilipomiminwa kiwandani. Watengenezaji wengi hukipa miaka 6 hadi 10. Kama alama haipo, lebo imebanduliwa, au mkanda mmoja umeshonwa upya na fundi cherehani, bei hata ikiwa ya kutupa, kiache. Mtumba wa shati hujieleza wenyewe, unauona tundu au huuoni. Mtumba wa kiti cha gari una historia ambayo anayekuuzia soko la Owino hakuwepo ilipotokea. Kiti cha mtumba ningekichukua kwa ndugu au rafiki ninayejua gari lake limepitia wapi, si kwingine.

Kabla ya kulipa, kijaribu kwenye gari lenyewe. Tangu mwaka 2018 sheria yetu inakataza kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi, lakini mengi yaliyoingia kabla bado yako barabarani, na si yote yenye vile vyuma viwili vya ISOFIX vya kushikia kiti. Pitisha vidole katikati ya mgongo wa kiti na makalio yake. Kama vyuma vipo utavigusa. Kama havipo, nunua kiti kinachofungwa kwa mkanda wa gari, na uone kama mkanda unafika, maana baadhi ya viti vya mtoto ni vinene na mkanda wa gari dogo huishia njiani. Kikishafungwa, kishike mahali mkanda unapopita na ukitikise. Kisisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu. Mikanda ya mtoto nayo, ukijaribu kuibana begani kwa vidole viwili, isikunjike. Kama inakunjika, imelegea.

Na usimwache alale humo kutwa. Mkao wa kiti hicho humkunja mtoto mchanga kidogo, na ushauri wa kawaida ni kumtoa kila baada ya saa mbili. Anayekwenda Mbarara anaweza kusimama Lukaya, ambako hata hivyo dereva atakuwa ameshanusa kuku wa kuchoma. Anayekwenda Gulu asimame Migyera. Gari likiegeshwa juani, gusa vyuma vya mikanda kwa mkono wako kabla hujamrudisha mtoto, kwa sababu huunguza.

Lakini wengi wetu hatuna gari, na hapa vitabu vya kigeni hunyamaza. Kwenye taksi za abiria 14, viti vya nyuma mara nyingi havina mkanda, au vina wa kiunoni tu usioweza kushika kiti cha mtoto. Kubeba kiti hicho hadi stendi ni jasho la bure. Yaliyobaki ni kupunguza hatari: kaa safu za katikati, usikubali kiti cha kando ya dereva hata konda akikubembeleza, mfunge mtoto kwenye mbeleko iliyobana, na kama mkanda upo uupitishe chini ya mtoto, kiunoni kwako wewe. Usiupitishe mkanda kwenu wote wawili, kwani gari likisimama ghafla mwili wako ndio utakaomponda. Mbeleko humzuia asichomoke mikononi, ila isihesabiwe kuwa kiti cha gari. Kwa basi la masafa marefu ningechagua la mchana. Madereva wa usiku wanajua kwa nini nasema hivyo.

Boda boda? Hakuna kifaa kinachoifanya salama kwa mtoto mchanga. Kofia za ukubwa wake hazitengenezwi, na hata zingekuwepo, shingo yake isingeubeba uzito wake. Pesa unayofikiria kuiweka kwenye kibebeo cha pili ifanye akiba ya kukodi gari siku za kliniki.

Nyumbani, kitanda. Seremala wa Nsambya au wa mtaani kwako anaweza kukutengenezea kitakachowalaza watoto watano kwa zamu, mradi umpe vipimo badala ya picha ya kwenye simu. Nafasi kati ya fito na fito isipungue sentimita 4.5 wala isizidi 6.5, ikizidi, mwili wa mtoto unapenya na kichwa kinakwama. Upande wa kushusha na kupandisha mkatalie. Marekani iliupiga marufuku mwaka 2011 baada ya watoto kunaswa pale mabano yalipolegea, na vitanda vya namna hiyo bado vinaweza kukufikia kama mtumba. Mbao ya mvule ni ghali lakini mchwa hauisogelei. Musizi ni nyepesi na rahisi, na usipotiwa dawa wadudu huutoboa mapema. Rangi uliza ni ipi na usome kopo mwenyewe ukitafuta maandishi kwamba haina madini ya risasi, kwa sababu mtoto anayeota meno atakitafuna kitanda. Mbao tupu iliyopigwa msasa vizuri inatosha, kusema kweli.

Godoro liwe gumu na lijae kitanda chote, pembeni pasiingie vidole viwili. Bonyeza kwa kiganja: linapaswa kurudi juu mara moja. Linalobaki na shimo limekufa, hata kama foronya yake ni mpya. Mto hauhitajiki mwaka wa kwanza, wala vile vitambaa vinene vya kuzungushia ukuta wa kitanda. Marekani ilivipiga marufuku mwaka 2022 pamoja na vitanda vya kulalia vyenye mwinamo unaozidi digrii 10. Sheria hiyo inafaa kujulikana hapa kwa sababu bidhaa inayokataliwa kwao haipotei, hutafuta soko lingine. Mtoto alale chali, mahali bapa.

Anayeishi chumba kimoja cha kupanga atauliza kitanda hicho kikae wapi, na ana haki. Kwake kikapu imara au kitanda cha kukunjwa kinachoingia chini ya chandarua cha wazazi ni jibu bora kuliko samani inayoziba mlango. Kumbuka tu kwamba kikapu kimo kwenye kundi la kuazima.

Chandarua ningekiweka juu ya orodha nzima. Uganda ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa kabisa wa malaria duniani, na mama mjamzito hupewa chandarua chenye dawa kliniki bila malipo, kwa hiyo kifaa muhimu kuliko vyote huenda usikilipie. Vyandarua hivi hutengenezwa kwa kipimo cha kustahimili miaka mitatu au kufuliwa mara 20. Hesabu hiyo ndiyo umri wake, hata kama wavu haujatoboka. Kifue kwa sabuni ya kawaida bila kukisugua na ukianike kivulini. Jua kali huivunja dawa. Mbu wetu wengi wamezoea dawa ya kawaida, na utafiti mkubwa uliofanyika humu nchini, ukachapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba vyandarua vilivyoongezwa PBO, kiungo kinachoipa dawa nguvu zaidi, viliwakinga watoto vizuri zaidi. Ukipewa nafasi ya kuchagua, soma lebo utafute herufi hizo. Vile vya mwavuli vya rangi za kupendeza vinavyouzwa madukani mara nyingi ni wavu mtupu, na mtoto akilala mkono umeugusa wavu mbu humng'ata kutoka nje. Vinafaa mchana, kuzuia nzi.

Kuhusu nepi, mjadala huwa ni wa bei, pampasi dhidi ya za kitambaa, na kwa bei kitambaa hushinda mapema, kwani mtoto mchanga hubadilishwa mara 8 hadi 10 kwa siku. Nepi 24 zinakuwezesha kufua siku moja na kupumzika siku moja, na mtoto wa pili atazirithi. Lakini liko jambo linalosahaulika wanapozisifu zile mpya zenye vifungo na utando usiopitisha maji. Yupo nzi huku kwetu anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, na funza wake huingia kwenye ngozi ya mtoto na kutokea kama majipu. Dawa yake ni pasi ya moto, pande zote mbili, hadi kwenye mishono. Nepi ya pamba tupu huvumilia pasi ya mkaa bila tabu. Ile ya kisasa, ukiipiga pasi, utando wake wa kuzuia maji unayeyuka na umeiua. Kwa hiyo zile za kisasa zianikwe ndani ya nyumba au chini ya wavu, jambo ambalo kwenye mvua za Machi hadi Mei linageuza sebule kuwa dobi. Mimi naona pamba nyeupe ya mraba haijapata mpinzani. Pampasi ziwe za safari na za usiku.

Vifaa vya umeme vipite haraka. Mashine za kuchemshia na kupashia chupa hazifanyi lolote lisilofanywa na sufuria yenye mfuniko na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto. Anayetumiwa zawadi kutoka Marekani au Japani asome kwanza maandishi chini ya kifaa: umeme wa kule ni volti 120 na 100, wetu ni 240, na kifaa kisichoandikwa kwamba kinakubali zote kitaungua siku ya kwanza. Hata chupa zenyewe, wahudumu wa afya hupendelea kikombe kidogo na kijiko, kwa sababu kikombe hakina kona ya kufichia uchafu. Ukilazimika kununua chupa, tafuta yenye namba 5 ndani ya pembetatu kitakoni na yenye vipande vichache vya kuosha.

Kiti chenye magurudumu cha kumfundishia mtoto kutembea kiachwe dukani. Hakimfundishi kutembea. Kinampa kasi asiyoweza kuidhibiti, kinamfikisha kwenye ngazi, na kinamnyanyua mkono ufike kwenye sufuria iliyo juu ya sigiri. Canada imepiga marufuku kukiuza tangu mwaka 2004. Mkeka na stuli nzito ya kushikilia vinatosha.

Kwa vile vinavyobaki, vya kuazimana na kurithishana, tabia moja husaidia sana: andika kwa kalamu ya wino usiofutika, chini ya kifaa, mwezi na mwaka ulipokipata, na kama kilishapita kwa mtu mwingine andika na hilo. Kwenye chandarua andika kwenye lebo yake. Dada atakayekipokea hatalazimika kukuamini wewe wala kumbukumbu zako. Na kiti cha gari kilichofika mwisho usikiweke nje ya geti hivi hivi, kwa sababu jioni yake kitakuwa kimeshafika sokoni. Kata mikanda yote kwa kisu, chana kitambaa, andika kwa herufi kubwa kwenye plastiki kwamba kisitumike, ndipo umwachie mkusanya taka.